Mama Winchi na Miaka Thelathini na Minne ya "Hakuna"

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, Daktari Mkuu, Muuguzi Mkuu, wakuu wa idara, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya tawi la chama chetu cha wafanyakazi, wafuaji, wapiga pasi, wakunjaji na wasukuma toroli wenzangu, jamaa wa mstaafu, nikianza na dada yake mkubwa aliyeketi pale mbele na mkoba mapajani, na wewe mwenyewe, mama yetu, ambaye tumekusanyika kwa ajili yako: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Leo Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi kamili jioni, mhudumu mwandamizi wa Idara ya Kufulia anahitimisha utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Aliingia hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, kwa mlango wa nyuma unaotazamana na tanuri la taka, kwa kuwa wafuaji hawajawahi kupewa mlango mwingine. Leo anaagwa katika ukumbi huu wa mikutano ambao, kama anavyosema mwenyewe, amewahi kuingia mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa analeta vitambaa vya meza.

Nimeombwa nisome wasifu wake kwa sababu nimefanya naye kazi miaka ishirini na tisa, kwanza nikiwa karani wa mashuka, na sasa nikiwa msimamizi wa stoo. Ratiba imenipa dakika kumi na tano. Naomba mnivumilie nikizidisha.

Wengi wenu mmewahi kulalia mashuka ya hospitali hii, au mmemlaza mzazi juu yake. Ni wachache waliowahi kuteremka ngazi zile kumi na moja hadi tunapoyafua. Chumba kipo chini ya wadi ya wanaume. Kina mashine nne za kufua, mbili za kukamulia, boila moja inayokohoa kila asubuhi kabla ya kuwaka, na pasi ya roli ndefu kama kitanda cha watu wawili. Sakafu inateremka kuelekea kwenye mfereji, hivyo mtu akisimama saa nane, mguu mmoja umekuwa juu na mwingine chini kwa saa nane. Shuka kavu ni jepesi kama gazeti. Mashuka ishirini yakitoka mashineni yamelowa ni uzito wa mtu mzima, tena mtu mzima asiyetaka kubebwa: anateleza, anamwaga maji, anakukumbatia miguu.

Humo ndimo alimofanyia kazi maisha yake yote ya utu uzima, na humo ndimo alimopatia jina lake.

Zamani juu ya mashine palikuwa na boriti ya chuma yenye winchi. Kazi yake ilikuwa kunyanyua furushi la nguo mbichi kutoka kwenye mashine ya kufua na kulishusha kwenye mashine ya kukamulia. Katika mwaka wa nne wa mstaafu wetu, mnyororo wa winchi ulikatika. Fundi mitambo akaja, akautazama, akatoa karatasi aandike kipuri cha kuagiza. Alipokuwa bado anatafuta kalamu, dada mmoja mwenye mabega mapana na subira fupi alilikumbatia furushi, akalinyanyua hadi kifuani, akapiga hatua sita na kulitumbukiza kwenye mashine ya kukamulia. Fundi akaangua kicheko. "Winchi ya nini tena," akasema, "na huyu dada yupo?"

Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo akawa Dada Winchi, na alipoanza kuota mvi akawa Mama Winchi. Wapo humu waliofanya naye kazi miaka kumi na hawalijui jina aliloandikishwa nalo.

Ombi la mnyororo lilipelekwa ghorofani, likarudi, likapelekwa tena. Nimezisoma karatasi zake zote. Kwenye moja, mtu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kazi inaendelea bila winchi. Si ya haraka." Haikuwa ya haraka kwa miaka kumi na tisa.

Msidhani kwamba katika miaka hiyo alikuwa mtu wa manung'uniko. Mama Winchi ndiye aliyekifanya chumba kile kikalike. Aliweza kulipima furushi kwa mikono na kukwambia lina mashuka mangapi, na ukilifungua na kuhesabu ulikuta amekosea moja, au hajakosea. Aliwacheka vijana wapya waliolishika shuka chafu kwa ncha za vidole: "Shemeji, hilo haling'ati. Lishike kama unalipenda." Siku moja alikuta meno ya bandia ndani ya foronya, akayafua, akayasuuza, akapanda nayo wadini akiwa ameyafunga kwenye leso. Mzee mwenye meno akamuuliza kama yamepona. "Mzee wangu," akamjibu, "nimeyatia sabuni na nimeyasuuza mara mbili. Kuyapiga pasi tu ndiko nilikoogopa."

Mwaka ule wa kipindupindu, wadi zilipojaa hadi kwenye veranda, yeye ndiye aliyebuni utaratibu wa kuloweka mashuka ya wagonjwa wale kwenye matanki mawili tofauti kabla hayajaingia mashineni. Utaratibu huo unatumika hadi leo na umeandikwa katika mwongozo wa hospitali, bila kutajwa aliyeubuni. Hakuna mfuaji hata mmoja aliyeugua mwaka ule. Amewafundisha kazi watu zaidi ya sabini. Watatu kati yao leo ni wakuu wa vitengo, na ninawaona wameketi safu ya pili na viatu vilivyokauka vizuri.

Wasifu wa kawaida ungeishia hapa, kwa makofi, kisha tungepelekwa kwenye chakula. Huu utaendelea kidogo, kwa sababu kuna jambo juu ya mwili wa mwanamke huyu ambalo hospitali nzima haijaliandika, na aliyekuwa na kazi ya kuliandika ni mimi.

Kila idara ina Daftari la Ajali Kazini. Mwisho wa zamu, karani huandika tarehe, na mbele yake huandika nani ameumia na ameumiaje. Kama hakuna aliyeumia, anaandika neno moja: "Hakuna." Nilipoanza kazi, katika mwaka wa tano wa Mama Winchi, nilikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri na imani kubwa katika madaftari. Miezi minne ya mwanzo niliandika kila nilichokiona. Nilimwandika mama mmoja wa kwenye pasi aliyevunjika kifundo cha mkono. Nilimwandika mkunjaji mmoja ambaye goti lilikuwa limevimba kama papai. Wote wawili waliitwa mbele ya Bodi ya Uwezo wa Kazi. Wote wawili walirudi na barua zinazosema hawafai kwa kazi nzito. Kazi nyepesi haikuwapo ya kuwapa, na kabla ya miezi miwili hawakuwapo nao. Yule wa goti alinipitia kuniaga. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, mwandiko wako mzuri sana."

Mwaka uliofuata, Mama Winchi aliteleza. Alikuwa amekumbatia furushi, mguu wa chini ukaenda, akaanguka kwa kiuno juu ya ukingo wa mfereji na furushi likamwangukia. Tulimtoa, tukamkalisha juu ya tenga lililopinduliwa. Uso wake ulikuwa na rangi ya maji ya sabuni. Mimi nilikuwa nimeshafungua daftari. Akanishika mkono, akaubana hadi kalamu ikadondoka.

"Karani, usiniandike. Nina watoto wanne, na mume wangu hainuki kitandani. Ukiniandika umetuzika sita."

Nikaandika "Hakuna."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu wetu wa chini kule, ambao wakuu wangu hamkuwahi kuambiwa. Tuliuita kustiriana. Aliyeumia alisema "usiniandike", na neno hilo lilitosha. Wenzake waligawana mzigo wake. Mwenza wake wa shuka, yaani yule anayeshika naye ncha za upande wa pili wakati wa kukung'uta, alihamia upande mzito. Mwenza wa Mama Winchi ni huyu hapa, Dada Mrefu, aliyeshika ncha za upande wa pili kwa miaka ishirini na tisa. Na karani aliandika neno moja. Tuliona huo ni upendo, na sitasimama hapa niseme haukuwa upendo. Lakini mtu aliyestiriwa kwa wiki moja alirudi kwenye furushi lilelile wiki ya pili, na kiuno chake hakikuwa na habari kwamba kimestiriwa.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, bega la kulia lilichomoka akilivuta furushi lililonasa kwenye ngoma ya mashine. Ghorofa mbili juu yake palikuwa na madaktari wa mifupa. Lakini kupanda kwao kulimaanisha kupita mapokezi, na mapokezi wanaandika. Tulimlaza juu ya meza ya kukunjia, tukafunga mlango kwa komeo, na Dada Mrefu akaenda kumwita kwa siri fundi wa plasta, yule anayefunga mifupa iliyovunjika. Akaja na koti lake jeupe, akalishika bega, akalirudisha mahali pake. Mama Winchi aliuma foronya ili sauti isifike wadi ya wanaume. Kisha akaitazama ile foronya na kusema, "Hii irudisheni ikafuliwe, ina mate yangu." Siku ya tatu alikuwa kwenye mashine.

Mwaka wa kumi na saba, mvuke wa pasi ya roli ulimuunguza mkono wa kushoto. Vidole viwili havijakunjika tangu hapo. Aliyekuja kumfunga alikuwa muuguzi wa zamu kutoka wadi ya juu, aliyeteremka na bandeji ndani ya mfuko wa aproni siku tisa mfululizo, wakati wa mapumziko yake ya chai. Alifanya wema ambao haukuwa kazi yake. Leo muuguzi huyo ni Muuguzi Mkuu wetu, na anakumbuka vizuri kuliko mimi vidole vilikuwaje siku ya kwanza.

Miaka hiyohiyo, hospitali ilianzisha Kombe la Idara Salama. Ubao ukapachikwa mlangoni kwetu, ukionyesha siku zilizopita bila ajali. Sisi, tuliokuwa na madaftari safi kuliko idara ya maktaba, tulilichukua kombe hilo miaka minane mfululizo. Picha ya mwaka wa tano wa kombe ipo kwenye korido ya utawala. Mama Winchi amesimama katikati na kombe. Tazameni vizuri mkipita: amelishika kwa mkono mmoja, chini, usawa wa nyonga. Mpiga picha alimwambia alinyanyue juu kama wenzake wa mwaka uliopita. Akacheka na kusema, "Kaka, mimi nimeshanyanyua vya kutosha leo." Watu wote wakacheka. Ukweli ni kwamba mkono haukupanda.

Mnyororo mpya wa winchi ulifungwa katika mwaka wake wa ishirini na tatu, baada ya ukaguzi kutoka nje. Alipewa heshima ya kubonyeza kitufe cha kwanza. Alikibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, mojawapo ya vile visivyokunjika, akasema, "Karibu, pacha wangu. Umechelewa."

Na mwaka wa thelathini na moja aliinama kuokota soksi ya mgonjwa na hakuinuka. Soksi moja. Alibaki ameinama, mkono juu ya ukingo wa toroli, akitusihi tusimguse na tusimpigie mtu simu. Tulimlaza ndani ya toroli la nguo chafu, tukamfunika mashuka, na wenzetu wawili wakamsukuma kupita mbele ya ofisi hadi geti la nyuma, ambako mwanawe alikuwa anasubiri na gari la kukodi. Askari wa geti, kwa kufuata kazi yake, alifunua shuka la juu. Akakutana na uso wa mtu. "Kaka," uso ukamwambia, "mimi ni nguo chafu. Nipitishe." Akalirudisha shuka na kufungua geti. Jioni hiyo, maana hata nilipopewa stoo daftari lilibaki kwangu, niliandika "Hakuna", na ubao wetu ukasogea siku moja mbele.

Mheshimiwa Mkurugenzi, hayo ni manne. Ni yale tu ambayo walioyaona bado wapo hai na wapo humu.

Miezi mitatu iliyopita, Mama Winchi alipeleka ombi lake kwenye Kamati ya Afya ya Watumishi. Hakuomba makubwa. Kanuni zinasema kwamba mtumishi aliyeumizwa na kazi ataendelea kutibiwa hapa baada ya kustaafu, na asiyeumizwa na kazi atarudisha kadi yake ya matibabu siku ya mwisho. Aliomba aendelee kutibiwa. Daktari wa mifupa alimpiga picha, akazitazama, akamuuliza kama aliwahi kupata ajali ya gari. "Hapana, daktari. Nilikuwa nafua." Daktari huyo aliandika ripoti ya haki: kano za mabega yote mawili zimechanika, pingili tatu za kiunoni zimekandamizwa, bega la kulia linahitaji upasuaji kabla ya mwisho wa mwaka, la sivyo mkono hautarudi tena.

Kamati ilijibu kwa barua yenye aya mbili. Sitaisoma yote. Inasema kwamba kumbukumbu za Idara ya Kufulia hazionyeshi tukio lolote la mwombaji kuumia katika kipindi chote cha utumishi wake, na kwamba hali yake, kwa hiyo, imetokana na, nanukuu, "umri pamoja na shughuli za kawaida za nyumbani."

Siku ile nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, na dada yake huyu mkubwa, mwenye miaka sitini na saba, alikuwa nyuma yake anamchana nywele. Nikawasomea barua kwa sababu waliniomba. Nilipofika kwenye maneno hayo, chanuo kilisimama.

"Shughuli gani za nyumbani?" dada akauliza. "Mwaka wa tatu huu nywele namchana mimi. Nguo namvika mimi. Hata chai akinywa, kikombe kinapelekwa na mikono miwili kama mtoto. Hao waliokuja kumwona akifanya shughuli ni akina nani?"

Kamati haikusema uongo. Ilisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni mwandiko wangu.

Nilimwambia Mama Winchi kwamba nitakwenda kusahihisha daftari. Alikataa. Alikataa kwa sauti ileile aliyowakatazia vijana kuvaa ndala karibu na mashine. "Mwanangu, achana nalo hilo. Uliandika kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyekutuma. Wakijua umeghushi watakufukuza, na wewe una miaka sita ya kumaliza. Mimi nimeshazoea." Kughushi kumbukumbu ni kweli kosa la kufukuzwa. Ninalijua vizuri: tangazo lake lililoko kwenye ukuta wa stoo nililibandika mwenyewe.

Kwa hiyo ninayoyasema sasa anayasikia kwa mara ya kwanza pamoja nanyi, na ninamwona ananikunjia uso. Asilaumiwe. Alikatazwa kunyanyua sauti kwa miaka thelathini, na mikono alikuwa hawezi tena.

Zawadi iliyoandaliwa na idara ya utawala, ambayo atakabidhiwa baadaye, ni jozi mbili za mashuka meupe ya pamba. Ni mazuri sana, nimeyakagua mwenyewe, na ninawashukuru walioyachagua. Dada yake ameniuliza kwa sauti ya chini, tulipokuwa tunaingia, kama kuna mtu aliyefikiria nani atayafua.

Mama yetu, maneno ya kukuaga nayasema hapa, kabla sijafika kwenye mambo ya ofisi. Tunakushukuru kwa kila shuka ambalo mgonjwa alilalia bila kujua lilipita mikononi mwa nani. Tunakushukuru kwa vicheko, maana bila hivyo wengine wetu tusingerudi siku ya pili. Tunakuombea usingizi ambao bega halitaukatiza, na asubuhi ambazo utaamka kwa sababu umeshiba kulala. Tusamehe kwa ile siri. Tuliitunza vizuri kuliko tulivyokutunza wewe.

Sasa tangazo.

Kamati ya tawi ilikutana leo saa mbili asubuhi na kufikia uamuzi ambao nimetumwa niutangaze mbele yenu nyote. Kifungu cha kumbukumbu katika kanuni zetu za utumishi kinaruhusu daftari la ajali kusahihishwa na yuleyule aliyeliandika, akiwa na mashahidi wawili kwa kila tukio, ilimradi jalada la mtumishi halijafungwa. Jalada la Mama Winchi linafungwa saa kumi. Saa ya ukutani inaonyesha saa nane na dakika arobaini. Chakula kitasubiri.

Meza iko pale mlangoni, na juu yake yapo madaftari manne ya miaka husika pamoja na fomu za masahihisho. Mimi nimeshatia saini fomu zote nne, na nakala ziko kwa mwenyekiti wa tawi, ili nikiitwa kesho isionekane nimejuta.

Tukio la kwanza, kuanguka kwa kiuno: mashahidi ni Dada Mrefu na mzee wetu wa boila. Tukio la pili, bega: Dada Mrefu tena, na fundi wa plasta, ambaye namwona ameketi karibu na dirisha na ameshavua miwani kuifuta. Tukio la tatu, mkono: shahidi mmoja anatoka kwenye pasi, na wa pili ni Muuguzi Mkuu. Mama Muuguzi Mkuu, hatukukuuliza kabla, kwa kuwa hatukutaka ubebe jambo hili peke yako usiku kucha. Uamuzi ni wako, na kalamu ipo. Tukio la nne, toroli: waliosukuma wawili wanatosha, lakini askari wa geti amesema na yeye atasaini, kwa sababu, kwa maneno yake, tangu siku ile hajafunua shuka lingine.

Kuna sehemu ya pili ya uamuzi, nayo inawahusu wafuaji wote arobaini na mmoja. Tunajua kwa nini tulinyamaza. Mmoja akiandikwa, Bodi inamwita, na Bodi ikimwita harudi. Kamati imeamua kwamba leo hataandikwa mmoja. Kila mwenye goti, kiuno, bega, kidole au kifua kilichoharibikia chini kule atajiandikisha leo, kwa tarehe ya leo, kwa sauti inayosikika, kila mmoja na lake. Mimi nitaandika. Na ule ubao wa mlangoni utarudishwa kwenye sifuri kabla ya saa kumi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Bodi itakuwa na watu arobaini na mmoja wa kuwaita Jumatatu, na tutakwenda sote pamoja, kwa adabu, saa tutakayopangiwa. Siku hiyo hospitali itakuwa na vitanda mia sita vinavyohitaji mashuka. Hatusemi hivyo kwa kutisha. Tunakujulisha mapema ili upange.

Kwenye kila fomu kuna mstari wa chini kabisa ulioandikwa "Imepokelewa". Mstari huo ni wako, Mheshimiwa, na hakuna mwingine humu anayeruhusiwa kuujaza.

Mashahidi wa tukio la kwanza, tafadhali sogeeni mezani. Dada Mrefu, tangulia wewe.